Mfamasia amemnyima mama dawa ya magoti kwa sababu ya presha. Ana haki hiyo?

Shikamoo dada,

Nakuandikia kutoka Muheza, mkoani Tanga. Sisi tumezaliwa wawili, kaka yuko Dar es Salaam na mimi ndiye niliyebaki na mama. Mama ana miaka 61, ni fundi cherehani, na aligundulika na presha miaka minne iliyopita. Kliniki anahudhuria kila mwezi. Ameandikiwa amlodipine na losartan, na zikikosekana dirishani hospitali tunakwenda kuzinunua famasi.

Wiki mbili zilizopita magoti yalimshika vibaya. Kazi yake ni ya kukanyaga cherehani kutwa, kwa hiyo goti likigoma na riziki inagoma. Tukaenda kwenye ile famasi tunayonunua dawa zake siku zote. Mama akamwambia mfamasia, "Mwanangu, nipe zile diclofenac za magoti, pakiti mbili."

Mfamasia ni kijana, hana zaidi ya miaka thelathini. Badala ya kutoa dawa akaanza maswali. Mama bado unatumia zile za presha? Leo umezimeza? Akaomba ampime. Tulikuwa tumetoka kutembea kwa mguu kwenye jua, mama hata pumzi haijatulia, na mashine ikasoma 178 kwa 102. Akamkalisha kwenye benchi dakika tano, akapima tena, ikaja 164 kwa 96. Kisha akainama akamtazama miguu, akauliza viatu vimeanza kumbana lini.

Hapo mama akafunguka mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Kwamba miguu inamvimba jioni, kwamba jirani alimpa vidonge vya Lasix vya kukausha uvimbe na anavimeza asubuhi pamoja na vya presha, na kwamba siku za gulio hamezi dawa yoyote kwa sababu "zinanikojoza" na pale gulioni choo kiko mbali. Aliyasema yote hayo wateja wengine wanne wakiwa wamesimama nyuma yetu.

Yule kijana akasema diclofenac hatamuuzia. Akatupa paracetamol, akaandika karatasi ya kumpelekea daktari, na akamwambia safari ijayo aje na dawa zote zilizoko nyumbani, azitie kwenye mfuko azilete. Tulipotoka nje mama alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Mtoto mdogo ananisimanga mbele za watu! Kazi yake si kuuza?" Tukavuka barabara, tukaingia duka jingine, na diclofenac tukapewa hata salamu haijaisha.

Kaka nilipompigia simu alisema mfamasia si daktari na amevuka mpaka. Mimi moyo hautulii. Je, ana haki ya kumnyima mtu dawa aliyoiomba kwa hela yake? Na kama alikuwa sahihi, nitamrudishaje mama pale bila ugomvi? Ile karatasi bado ninayo mkobani.

Mdogo wako, Muheza

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya maelezo yoyote, fanya mambo mawili. Zile diclofenac za ng'ambo ya barabara, mwombe mama aziweke kando leo hii, na vile vya Lasix vya jirani navyo asimeze tena mpaka daktari aseme. Ile karatasi nayo ifike kliniki wiki hii. Usingoje tarehe yake ya mwezi.

Sasa nikujibu. Ndiyo, ana haki, na mimi nasema ni wajibu wake. Nimesimama nyuma ya kaunta ya famasi miaka 17, na yule kijana kwa dakika zile chache alifanya kazi ambayo wengi wetu huwa hatuifanyi foleni ikiwa ndefu.

Tazama alichokiona. Amlodipine ni dawa nzuri ya presha, lakini baadhi ya watu huwavimbisha miguu kwenye vifundo, hasa dozi ikiwa kubwa. Uvimbe ule hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo imelegea na maji yanapenya kuingia kwenye nyama ya mguu, ndiyo maana vidonge vya kukojoza haviusaidii sana. Jirani hakujua hilo. Aliona uvimbe, akatoa alichonacho kabatini, kwa nia njema kabisa. Basi mama akameza Lasix, na Lasix ikamkojoza. Mama akadhani ni zile za presha zinazomkojoza, maana anazimeza pamoja asubuhi, na siku za gulio akaziacha zote. Umeona ilivyosukana? Amlodipine na losartan si dawa za kukojoza. Mama amekuwa akiziadhibu kwa kosa la kidonge cha jirani.

Juu ya hayo ikaja diclofenac. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofen ambayo watu wameizoea kwa jina la Brufen, huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, kwa hiyo zinapandisha presha na zinaweza kuongeza huo huo uvimbe wa miguu. Zinadhoofisha pia kazi ya losartan. Na kuna jambo linalonitisha zaidi ya hayo. Losartan, kidonge cha kukojoza na diclofenac vikikutana kwenye mwili mmoja, figo huelemewa. Kila kimoja kinagusa mtiririko wa damu kwenye figo kwa njia yake, na kwa mtu wa miaka 61 mwenye presha isiyotulia, figo zinaweza kuumia bila yeye kuhisi maumivu yoyote. Yule kijana aliposikia neno Lasix, hesabu hiyo ilimjia kichwani palepale. Mimi ingenijia pia. Kumnyima mama pakiti mbili ilikuwa namna yake ya kumlinda.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akija kununua ibuprofen ya mgongo kila baada ya wiki mbili. Nilimuuzia, tukataniana, akaenda zake. Sikumuuliza hata siku moja kama ana ugonjwa mwingine. Kumbe kliniki walikuwa wanamwongezea dawa za presha kila mara na namba hazishuki. Nikaja kujua siku mkewe alipoleta mfuko wa rambo uliojaa dawa, akaumwaga kwenye kaunta, akauliza, "Hizi zote azimeze?" Pakiti za ibuprofen zilikuwa na maandishi yangu mwenyewe: 1 x 3. Tangu siku ile, hakuna mtu mzima anayepata dawa hizo kwangu bila kuulizwa kuhusu presha, figo na vidonda vya tumbo.

Ndiyo maana yule kijana ameomba mfuko. Mama hana sababu ya kuuona kuwa ni uchunguzi wa siri zake. Daktari wa kliniki anaiona karatasi aliyoandika yeye mwenyewe. Vya jirani haoni, vya ng'ambo ya barabara haoni, wala vile alivyobakiza tangu mwaka juzi. Mahali pekee pa kuviona vyote kwa pamoja ni mezani kwa mtu anayezijua dawa. Katika mifuko ya namna hiyo nimekuta amlodipine mbili zenye majina tofauti ya kiwanda, mgonjwa anameza zote mbili akidhani ni dawa mbili. Nimekuta prednisolone iliyobaki baada ya pumu ya mjukuu, na hiyo nayo hupandisha presha. Nimekuta vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine, ambavyo mwenye presha hapaswi kuvigusa bila kuuliza. Na dawa za miti shamba mama azilete pia. Hatutazicheka, tunataka tu kujua anakunywa nini na kiasi gani.

Sasa upande wa yule kijana, maana sitaki umwone malaika. Amekosea sehemu mbili, na ya kwanza ni kubwa. Mtu mzima hahojiwi kuhusu choo na vidonge vyake mbele ya wateja wanne. Alitakiwa amwombe mama asogee pembeni, ashushe sauti, amkalishe kwanza ndipo aulize. Hasira ya mama ilianzia hapo. Mama alivunjiwa heshima, na wewe ukikutana na yule kijana mwambie hivyo, kwa upole. Akiwa mfamasia wa kweli atakushukuru.

Kosa la pili alilirekebisha mwenyewe. Kupima mtu aliyetoka juani akiwa anahema ni kupima safari yake. Mgonjwa anatakiwa akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kupishana, kibofu hakijajaa, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, na asizungumze wakati mashine inafanya kazi. Kahawa na sigara visiwe vimetumika nusu saa kabla. Kisha apimwe mara mbili. Ndiyo maana ile 178 ikawa 164, na hiyo ya pili ndiyo ya kuiamini zaidi. Hata hivyo 164 kwa 96 bado iko juu, kwa kuwa ukipimwa kliniki au famasi, presha inahesabiwa imepanda kuanzia 140 kwa 90.

Na kuna jambo ambalo hukuandika, huenda hukuliona. Kile kitambaa cha mashine kinachovishwa mkononi kina kipimo chake. Vingi vya kawaida vimeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na kitambaa kidogo, namba zinapanda hata kama presha haijapanda kiasi hicho. Mama yako ni fundi, futi kamba anayo shingoni kutwa nzima. Apime mkono wake wa juu, katikati ya bega na kiwiko, bila nguo. Ukizidi 32, mfamasia atafute kitambaa kikubwa kabla hajaandika namba yoyote kwenye daftari. Nimeona watu wakiongezewa dozi kwa sababu ya kitambaa tu.

Kaka yako anasema mfamasia si daktari. Ni kweli, na mipaka ipo. Hapa kwetu yule kijana hana ruhusa ya kumbadilishia mama amlodipine kwa uamuzi wake, wala kumwongezea dozi, na hakufanya hivyo. Alizuia dawa yenye madhara, akatoa mbadala ulio salama zaidi, akamwandikia daktari. Hakuvuka mpaka wowote. Mwambie kaka pia kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2021 wa dawa za presha, limekubali wafamasia na wauguzi watibu presha kwa dawa, mradi wamefundishwa, sheria inawaruhusu, wanafuata mwongozo na daktari anawasimamia. Dunia inaelekea kumpa mfamasia kazi zaidi.

Nina mfano mmoja ninaoupenda sana, wa mbali lakini wa kweli. Kule Los Angeles, Marekani, daktari wa moyo Ronald Victor na wenzake waliwafuata wanaume weusi wenye presha katika saluni za kiume 52, watu 319 kwa jumla. Namba zao za juu zilikuwa zaidi ya 150 kwa wastani. Katika baadhi ya saluni, kinyozi alimhimiza mteja abadili maisha na aende kwa daktari. Katika nyingine, mfamasia alikuja mwenyewe hadi saluni, akapima, akaandika dawa kwa makubaliano na madaktari, na akawa anarudi kufuatilia. Baada ya miezi 6, waliofuatwa na mfamasia namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 27. Wale wengine ilishuka 9. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Sisi hatuna ruhusa waliyokuwa nayo wale ya kuandika dawa, lakini kurudi kwa mgonjwa, kumjua kwa jina, kujua kwamba siku za gulio anaruka dozi, hayo hayahitaji sheria mpya.

Kuhusu kuruka dozi, nataka mama alisikie hili vizuri. Amlodipine inachukua kama siku 7 za kumeza kila siku ndipo nguvu yake itimie. Anayeimeza leo kwa sababu kichwa kinauma na kuiacha kesho kwa sababu kimepoa, hajaipa nafasi hata mara moja. Na presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 na anacheka harusini. Kwa hiyo asijipime kwa kichwa, ajipime kwa mashine na aandike kwenye daftari: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini. Kama miguu itaendelea kuvimba hata baada ya kuacha diclofenac, daktari anaweza kupunguza amlodipine au kuibadilisha. Dawa za presha ziko za aina nyingi, hakuna sababu ya kuvumilia moja inayomtesa kimyakimya. Lakini asiiache mwenyewe.

Kuhusu magoti, paracetamol ndiyo ya kuanzia, isizidi kipimo alichoandikiwa. Achague vidonge vya kawaida, vile vya kuyeyusha majini vikitoa povu vina chumvi ya sodiamu nyingi. Mafuta ya kuchua aulize yapi, kwa sababu mengine yana diclofenac hiyo hiyo, ingawa inayoingia mwilini kwa kupaka ni kidogo. Na kliniki aombe goti liangaliwe lenyewe, pamoja na kipimo cha figo.

Chakula nitapita haraka, mama anajua kupika kuliko mimi. Ila papa mkavu na ng'onda vimebeba chumvi nyingi, na magadi yanayoivisha kunde haraka ni sodiamu vilevile. Chumvi yote ya siku isifike gramu 5, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, pamoja na ile iliyojificha humo. Na kama hufunga Ramadhani, aulize mapema kabla mwezi haujaandama, dawa zipangwe upya kati ya futari na daku.

Sasa namna ya kumrudisha. Usimwambie "yule kijana alikuwa sahihi, wewe ulikosea." Atakataa, na mimi katika nafasi yake ningekataa. Nenda wewe kwanza, peke yako, saa ambayo famasi haina watu. Mweleze mfamasia kilichomuumiza mama, mwombe siku mkija awape nafasi pembeni, na mwombe amsalimie kwa adabu ya mama yake mzazi, aanze na kuomba radhi. Kisha mwambie mama, "Mama, nimemwambia umeudhika, naye amesikitika, anakuomba uende. Na kumbe vile vinavyokukojoza si vya presha." Hilo la mwisho litamfikirisha, nina hakika, kwa sababu miezi yote hii amekuwa akichagua kati ya dawa na biashara yake, na kumbe hakuhitaji kuchagua.

Duka la ng'ambo, sitaki kulisema vibaya bila kulijua. Huenda ni duka la dawa muhimu. Maduka hayo yalianzia Ruvuma mwaka 2003 na yamefikisha dawa vijijini ambako famasi haikuwahi kufika, na watoa dawa wake wengi wanaifanya kazi yao kwa moyo. Lakini mtoa dawa hana mafunzo ya mfamasia, na kwa mgonjwa wa presha mwenye dawa mbili na zaidi, mfamasia ndiye anayehitajika. Mkiingia popote, ulizeni bila kuona haya: mfamasia yupo? Cheti cha usajili kutoka Baraza la Famasi kinatakiwa kiwe kinaonekana ukutani. Na hata akiwepo, asiyeuliza swali hata moja kabla ya kumpa mgonjwa wa presha diclofenac, msirudi kwake.

Neno la dharura, ulikariri. Mama akipata udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, maneno kukatika, kifua kubana, kuona giza au kichwa kuuma kwa namna ambayo hajawahi kuuma, ni hospitali muda huohuo, usipitie famasi. Na mtu asimwekee kidonge cha nifedipine chini ya ulimi ili kushusha haraka. Presha ikiporomoka ghafla ubongo unakosa damu, na kiharusi kinaweza kuja kwa njia hiyo.

Niandikie tena mkishatoka kliniki. Niambie daktari amesema nini kuhusu miguu, na mkono wa mama umetoka sentimita ngapi kwenye futi yake.